Shajara ya mradi: rekodi tofauti, kipimo kimoja

Januari: lengo

Wapenzi wa muziki wa klasiki wanapokutana mtandaoni, mazungumzo yao hukwama mahali pale pale. Mmoja anaandika, "Sikilizeni dakika ya 3 na sekunde 26, mada ya kwanza inavyorudi kwa kishindo." Mwenzake anafungua rekodi aliyonayo, anakwenda hadi sekunde hiyo hiyo, anakuta kitu kingine kabisa. Masikio yake ni mazima, ila rekodi yake ni nyingine. Mradi huu unatengeneza mwongozo wa kusikiliza unaofuata namba za vipimo badala ya dakika. Kipimo ni kile kipande cha muziki kilichomo kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti. Kila mtu abaki na rekodi anayoipenda, na bado tuweze kuoneshana jambo lile lile.

Kazi ya kwanza ni Simfonia Na. 5 ya Beethoven, Opus 67, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Karibu kila msikilizaji ana rekodi yake tayari, noti zake zinapatikana bure, na sehemu yake ya kwanza ina kila aina ya usumbufu ambao mfumo huu unapaswa kuumudu.

Hesabu ya usumbufu wenyewe ni hii. Sehemu ya kwanza ina vipimo 502, na vile 124 vya mwanzo vimewekewa alama ya marudio. Beethoven aliagiza mwendo wa 108 kwa dakika, na kila pigo katika hesabu hiyo linajaza kipimo kizima, kwa hiyo ni vipimo 108 kwa dakika. Mada ya kwanza inarudi kwenye kipimo cha 248. Okestra inayokwenda kwa 108 na kufuata marudio inafika hapo kwenye 3:26. Inayokwenda kwa 96 na kufuata marudio inafika 3:52. Inayokwenda kwa 108 na kuruka marudio inafika 2:17. Hapo bado hatujahesabu muda wa zile noti ndefu zenye alama ya kushikilia, ambazo kila mwongoza okestra huzishikilia apendavyo. Tofauti ya dakika moja na nusu inatosha kabisa kuua mazungumzo.

Februari: kuhesabu vipimo

Noti tunazotumia ni chapa ya karne ya 19 ya Breitkopf & Härtel, inayopatikana IMSLP, maktaba ya noti iliyoanzishwa mwaka 2006. Chapa nyingi za zamani hazina namba za vipimo, kwa hiyo namba huandikwa kwa mkono: namba moja mwanzoni mwa kila mstari wa okestra, na hesabu huanza upya kila sehemu ya simfonia inapoanza.

Hesabu huharibika mahali patatu. Pa kwanza ni kipimo pungufu cha mwanzo. Sehemu ya pili na ya tatu zinaanza na noti chache kabla ya kipimo kamili. Hizo hazihesabiwi, namba 1 ni kipimo kamili cha kwanza. Sehemu ya kwanza inaanza na kimya kifupi ndani ya kipimo kamili, kwa hiyo kipimo hicho chenyewe ndicho namba 1. Pa pili ni vipimo vya kimya ambavyo jicho linaviruka, hasa pale okestra nzima inaponyamaza mwishoni mwa vile 124 vya mwanzo. Pa tatu ni marudio yenye miisho miwili, ambapo chapa moja huhesabu vyote viwili na nyingine huvipa namba moja tu. Tumeamua kuandika kwenye kichwa cha kila faili ni chapa ipi imefuatwa, ili mwenye chapa nyingine ajue tofauti ya kipimo kimoja imetoka wapi.

Kujihakiki ni rahisi. Obo, ala ya mbao ya kupulizwa, inayobaki peke yake, polepole, ikiimba kama mtu aliyesimamisha msafara mzima, lazima iangukie kipimo cha 268. Ikiangukia 267, kuna kipimo kimeachwa nyuma. Rudi hadi 125, kisha 63, kisha 25, mpaka upate palipopotea. Mwisho wa sehemu lazima uwe 502.

Namna ya kuandika: I.63 ni sehemu ya kwanza, kipimo cha 63, mara ya kwanza. I.63r ni kipimo hicho hicho kwenye marudio. Rekodi isiyo na marudio haina "r" yoyote, na maoni yaliyoandikwa kwa I.63r huhamia yenyewe I.63.

Machi: vituo

Hatuweki alama kwenye vipimo vyote 502. Tunaweka kwenye vituo, na vilivyo katikati vinakokotolewa. Vituo vya sehemu ya kwanza kwa sasa ni 1, 3, 6, 22, 25, 59, 63, 125, 248, 253, 268, 269, 303 na 374. Vichache vya mwanzo vimekaribiana kwa sababu vipimo vya 2, 5, 21 na 24 vina noti za kushikiliwa. Kila baada ya noti kama hiyo panahitajika kituo kipya, la sivyo sekunde alizoongeza mwongoza okestra zinagawanywa kwa vipimo ambavyo havikuchelewa.

Kazi inafanyika kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Fungua faili, anza kusikiliza huku noti ziko mbele yako, na bonyeza Ctrl+M kila kituo kinapofika; programu inaweka lebo pale pale muziki ulipo. Andika namba ya kipimo, bonyeza Enter, endelea. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, kuza picha ya mawimbi ya sauti na usogeze kila lebo hadi mwanzo halisi wa noti. Usiruke hatua hii. Mahali penye mdundo thabiti mkono hutangulia kidogo, na baada ya kimya huchelewa, kwa hiyo makosa hayaendi upande mmoja na huwezi kuyasahihisha kwa kutoa kiasi kilekile kote. Kisha toa lebo kama faili ya maandishi. Kila mstari utakuwa na sekunde ya kuanza, sekunde ya kuishia na jina la lebo, vikitenganishwa na tabo.

Kukokotoa kipimo kilicho kati ya vituo viwili: toa namba ya kituo cha nyuma kutoka namba ya kipimo unachotafuta, gawa kwa idadi ya vipimo kati ya vituo hivyo, zidisha kwa sekunde zilizo kati yake, kisha jumlisha na sekunde ya kituo cha nyuma. Tuseme kituo cha 63 kiko sekunde ya 46.0, na kingine umekiweka kipimo cha 94, sekunde ya 63.5. Kipimo cha 79 kiko hatua 16 kati ya 31. Sekunde 17.5 mara 16 gawa kwa 31 ni 9.0, kwa hiyo kipimo hicho kiko sekunde ya 55.0.

Kosa la nusu sekunde ni kubwa kuliko linavyosikika. Kwa mwendo wa 108, kipimo kimoja kinachukua sekunde 0.56 tu. Kanuni yetu: chagua vipimo vitano ambavyo si vituo, vikokotoe, kisha sikiliza. Kimoja kikikosea kwa zaidi ya robo sekunde, ongeza kituo karibu nacho. Mara nyingi kinachokosewa ni kile kinachofuata 63, maana waongoza okestra wengi hulegeza mwendo pale mada ya pili, ile laini ya fidla, inapoingia. Na 268 lazima kiwe kituo pamoja na 269. Solo ya obo imo ndani ya kipimo kimoja ambacho kinaweza kumeza sekunde nyingi. Ukivuta mstari mmoja kutoka 253 hadi 303, kila kitu hapo katikati kinahama.

Tahadhari ndogo: usifungue faili ya lebo kwa programu ya lahajedwali kabla ya kuihakiki. Kwenye kompyuta zilizowekwa mpangilio wa lugha unaotumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, 46.5 inaweza kugeuzwa maandishi tu, au hata tarehe. Tumia kihariri cha kawaida cha maandishi.

Machi, mwishoni: kipimo cha 303

Hiki kinastahili ingizo lake, kwa sababu ndicho kinachoonesha faida ya kazi yote hii.

Kwenye I.59 pembe zinapiga mwito wa mada ya pili kwa nguvu, katika ufunguo wa E-flat. Mada hiyo inaporudi baadaye iko katika C, na mwito huo, I.303, Beethoven amewapa wapiga basuni, ala ya mbao yenye sauti nzito. Pembe za wakati wake hazikuwa na vali, vile vitufe vya kubadilisha urefu wa bomba. Zilitoa noti za asili za bomba lao tu, na pembe zilizopangwa katika E-flat hazikuwa na noti zote za kupiga mwito ule katika C kwa sauti nzuri. Kubadilisha mabomba katikati ya muziki wa kasi hiyo kungehitaji muda usiokuwepo. Pembe za leo zinaweza kuupiga bila shida, na kwa hiyo baadhi ya waongoza okestra huwarudishia wapiga pembe mwito wao. Wengine hubaki na basuni kama ilivyoandikwa, na wengine huchanganya.

Msikilizaji mmoja mwenye rekodi moja hawezi kulijua jambo hili. Wasikilizaji kumi wenye rekodi kumi, kila mmoja akielekezwa I.303 ya kwake, wanalisikia papo hapo. Namna ya kusikiliza: cheza kuanzia I.299, sikiliza hadi I.310, kisha rudi I.59 ulinganishe. Pembe zina ukingo wa shaba unaong'aa. Basuni ni kavu zaidi, ina ukwaruzo mdogo, na sauti yake inakatika mapema. Kwa rekodi za zamani zenye sauti hafifu, sikiliza noti ya mwisho ya mwito inavyoshikiliwa, maana hapo ndipo tofauti hubaki.

Msimamo wetu umo kwenye mwongozo: basuni ziachwe. Ukali wa pembe kwenye 59 unatangaza, na ukavu wa basuni kwenye 303 unaleta wasiwasi unaolifaa giza la C ndogo (C minor) lililotangulia. Anayeona vinginevyo ana nafasi ya maoni yake kwenye kipimo hicho hicho.

Aprili: kujua ni rekodi ipi

Ramani ya vituo ni ya rekodi moja tu, kwa hiyo rekodi lazima itambulike bila utata. "Karajan, Berlin" haitoshi. Mwongoza okestra Herbert von Karajan na Berliner Philharmoniker walirekodi simfonia zote za Beethoven miaka ya 1960, wakarudia miaka ya 1970, wakarudia tena miaka ya 1980. Mwaka unaoandikwa kwenye jalada mara nyingi ni wa toleo jipya, na unaotakiwa ni wa kurekodi. Kwa mfano, rekodi ya Carlos Kleiber na Wiener Philharmoniker ilifanywa 1974 na imetolewa upya mara nyingi; ramani yake ni moja kwa matoleo yote, mradi usahihishe kimya cha mwanzo. Toleo moja huwa na kimya kirefu zaidi kabla ya noti ya kwanza kuliko jingine. Pima kituo cha 1 kwenye faili yako, pata tofauti, ijumlishe kwa vituo vyote.

Rekodi za santuri za zamani hazikubali dawa hiyo peke yake. Arthur Nikisch alirekodi simfonia hii na okestra ya Berlin mwaka 1913, kwa njia ya pembe ya kunasia sauti, kabla ya umeme kuanza kutumika katika kurekodi mwaka 1925. Santuri za enzi hizo huitwa za 78, lakini kasi halisi ilitofautiana. Iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 ikichezwa kwa 78.26 inakwenda haraka kwa asilimia 5.8, na sauti inapanda karibu nusu toni: C ndogo inasikika kama C-sharp ndogo, na upande wa dakika 4 unaisha kwa 3:47. Hapa unahitaji vituo viwili, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni mwa kila upande wa santuri, ili upate tofauti ya kuanza pamoja na uwiano wa kasi. Kila upande upimwe peke yake.

Usitumie kinanda chako kama hakimu wa mwisho wa kasi. Noti ya A kwa mitetemo 440 kwa sekunde ni kiwango cha baadaye. Mkutano wa Vienna wa 1885 ulikuwa umekubali 435, na okestra za leo zinazotumia ala za kale hupiga Beethoven kwa 430 mara nyingi. Sauti ikiwa chini kidogo huenda faili haina tatizo lolote.

Kuhusu majina: sehemu za lazima kwenye tagi, yaani taarifa zinazoandikwa ndani ya faili ya sauti, ni mtunzi, kazi, namba ya katalogi, namba ya sehemu, mwongoza okestra, okestra, mwaka wa kurekodi. Namba ya katalogi ndiyo inayookoa. Simfonia ya Dvořák ya "Ulimwengu Mpya" ilikuwa Na. 5 kwenye majalada ya zamani na sasa ni Na. 9, lakini Opus 95 haijabadilika. Ile kubwa ya Schubert katika C imepewa namba mbalimbali, ila D. 944 ni moja tu. Kwa Bach tumia BWV, kwa Mozart K.

Na kama kutafuta "Dvořák" kunaleta nusu ya faili tu, hujakosea kuandika. Herufi ř inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama r ikifuatiwa na alama yake peke yake. Machoni ni sawa. Kwa kompyuta ni maneno mawili. Majina ya faili yaliyopitia mfumo wa zamani wa Mac mara nyingi yametenganishwa hivyo. Tunageuza tagi zote kuwa muundo uliounganishwa, unaoitwa NFC, kabla ya kuzipokea.

Mei: kusikiliza kwa wakati mmoja

Njia ambayo wengi hujaribu kwanza ni mmoja kucheza muziki kwenye simu ya kikundi na wengine kusikiliza. Haifai, na sababu yake inaonekana vizuri mwishoni mwa sehemu ya tatu. Kuanzia III.324 nyuzi zinashikilia sauti ya chini mno huku timpani ikigonga kidogo kidogo, na mvuto unajengwa hadi sehemu ya nne inalipuka bila kusimama. Programu za mazungumzo zina kifaa cha kuondoa kelele ambacho huchukulia sauti tulivu isiyobadilika kuwa feni au mashine, na huifuta. Kifaa kingine kinachopandisha sauti chenyewe kinainua timpani hadi ilingane na maongezi, halafu okestra kamili inapoingia, tromboni zikisikika kwa mara ya kwanza katika simfonia hii, sauti inapasuka kisha inabanwa. Kinachobaki si Beethoven. Ikibidi kutumia simu, zima kuondoa kelele, kuzuia mwangwi na kupandisha sauti, na utume stereo.

Njia yetu: kila mtu anacheza rekodi yake kwenye kifaa chake, na maoni yanaandikwa kwa namba ya kipimo. Programu ndogo inasoma ramani ya rekodi yako na kukuonesha maoni pale tu kipimo hicho kinapofika masikioni mwako. Aliye na okestra ya kasi haharibii mwenzake wa polepole utamu wa kinachokuja. Kuanza pamoja ni kwa kuhesabu kwenye maandishi, na tofauti ya sekunde moja au mbili haina madhara.

Mambo mawili yamesumbua kwenye majaribio. Programu nyingi za kuchezea husawazisha ukubwa wa sauti kwa kila faili peke yake, na matokeo yake sehemu ya pili, iliyo tulivu, inasikika kubwa sawa na ya nne. Weka usawazishaji wa albamu nzima, au uzime kabisa. La pili ni mwanya kati ya sehemu ya tatu na ya nne. Kugeuza sauti kuwa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Baadhi ya programu husoma taarifa ya kukiondoa, nyingine hazisomi. FLAC, aina nyingine ya faili ya sauti, haina tatizo hilo, ila programu yako lazima iwe na uwezo wa kucheza bila mwanya na uwe umewashwa. Kwenye ramani, sehemu hizi mbili zinahesabiwa kama wakati mmoja mfululizo.

Juni: hakimiliki

Tunashirikishana ramani, kamwe si faili za sauti zinazolindwa. Beethoven ni mali ya umma, lakini rekodi ina haki zake. Marekani, rekodi zilizochapishwa kabla ya 1923 zilikuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na za 1923 zilifuata Januari 2024. Katika Umoja wa Ulaya, zilizochapishwa kabla ya 1963 kwa kawaida muda wake umekwisha. Ya Nikisch basi inaweza kuwekwa pamoja na ramani yake. Chapa mpya za noti zilizohaririwa upya nazo zinalindwa, kwa hiyo vipande vya noti kwenye mwongozo vinatoka kwenye chapa ya zamani.

Julai: yaliyobaki

Sehemu ya kwanza na ya pili zimekamilika. Ya tatu inasubiri uhakiki wa miisho ya marudio. Ya nne ina vituo, lakini "r" ya marudio yake haijakaguliwa. Kituo cha IV.153, ambapo muziki wa sehemu ya tatu unarudi ghafla kama mzuka, kimewekwa na kuhakikiwa.

Kazi ya pili ni Goldberg Variations ya Bach, BWV 988: aria, mabadiliko 30, kisha aria tena. Tumeichagua kwa sababu rekodi ya piano ya Kimiko Ishizaka ya 2012 ilitolewa kuwa mali ya umma, kwa hiyo kuna rekodi moja ambayo kila mtu anaweza kuipata. Ugumu wake ni marudio. Kila nusu ya kila kipande ina alama ya kurudia, na wapigaji wanazifuata zote, nusu yake, au wanaziacha. Mpiga piano Glenn Gould, katika rekodi yake ya 1955, anamaliza kwa dakika 38 hivi, na yeye huyo huyo katika ile ya 1981 kwa dakika 51. Alama moja ya "r" haitoshi hapa. Pendekezo lililopo ni kila kipande kiandikwe kwa herufi za nusu zake, AABB, AAB, ABB au AB, na ramani isome herufi hizo kabla ya kuanza kukokotoa. Wenye rekodi za harpsikodi (kinanda cha zamani kinachodonoa nyuzi), hasa zilizopangwa kwa A ya 415, tunawaomba waanze na mabadiliko ya 15, 21 na 25, yale matatu yaliyo katika G ndogo. Mwendo wake huvutwa sana, na tunahitaji kujua vituo viwe karibu kiasi gani.